Jumapili ya Mtangazaji: Mwongozo Kamili wa Matembezi ya Familia Mombasa kwa Pesa Kidogo

Saa tisa na nusu usiku huwa nishavaa viatu. Mlango naufunga polepole ili watoto wasishtuke, naingia tuktuk ya jirani aliyekubali kunipeleka kila siku kwa malipo ya mwezi, na saa kumi na moja kamili niko hewani. Nawaamsha wachuuzi wa mahamri, makondakta, wavuvi, walinzi wanaomaliza zamu. Saa kumi na mbili na nusu wanangu watatu wanakunywa chai jikoni, redio iko juu ya friji, na mimi nimo ndani nikisoma salamu za watu wa Likoni na Changamwe.

Siku moja kitindamimba wangu, akiwa na miaka miwili na nusu, aliinyooshea kidole ile redio akasema, "Mama yumo humu." Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Kipindi kilichokuwa kikienda kilirekodiwa, na yeye aliiamini sauti kuliko mwili uliokuwa karibu naye. Tangu hapo Jumapili yangu naipanga kwa uzito uleule ninaoupa kipindi.

Redio ya mtaani hailipi kama watu wanavyodhani. Wengi wetu Jumamosi tunashika kipaza sauti kwenye harusi na hafla ili mwezi uishe salama. Inabaki siku moja, na pesa ya siku hiyo si nyingi. Haya ninayoandika nimeyajaribu kwa familia ya watu watano, tunaoishi Kisauni, na yanamfaa pia muuguzi, mlinzi, dereva na yeyote mwenye kazi isiyofuata saa za watu.

Hatua ya kwanza: tafuta kisichosogea

Kipindi cha redio hupangwa kuanzia kwa kile kisichosogea. Taarifa ya habari ni saa kamili. Hata mgeni studioni awe anasimulia jambo tamu vipi, saa ikifika ananyamaza. Matangazo yaliyolipiwa nayo yana dakika zake. Hivyo vikishakaa mahali pake, ndipo unapojaza muziki, salamu na mazungumzo. Ukianza na muziki, utafika saa kamili bado una mambo mkononi.

Matembezi ya familia nayo huharibika hivyo hivyo. Watu huanza na pahali ("twende Pirates!", yaani ufukwe wa umma) kisha wanagongana na vile visivyosogea. Kwetu viko vitano: maji ya bahari, zamu ya mume wangu bandarini, sala, usingizi wa kitindamimba baada ya chakula cha mchana, na saa yangu ya kulala, ambayo ni saa mbili usiku. Jirani yetu anayekwenda kanisani ana ibada inayomalizika saa tano. Andika vyako kwenye karatasi Alhamisi usiku, kila kimoja na saa yake.

Halafu hesabu kwa kurudi nyuma. Mfano wa Jumapili yetu moja: kulala saa mbili, kula saa moja, kuoga na kuswali Magharibi kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo lazima tuwe stejini kupanda matatu saa kumi na moja na nusu. Maji yanajaa saa kumi. Basi kuogelea ni kuanzia saa nane na nusu hadi saa kumi na nusu, na kutoka nyumbani ni saa saba na nusu, mdogo akiwa amelala begani. Siku nzima imepangika kabla hatujataja chakula wala bei.

Hatua ya pili: yasome maji

Hili ndilo linaloharibu matembezi mengi ya Mombasa, na ndilo watu wasilolizungumza.

Kuna Jumapili tulifika ufukweni saa nne asubuhi. Wa kati, miaka sita wakati huo, alikuwa amevaa boya kiunoni tangu ndani ya matatu. Tulipokata kona ya mwisho tukakuta mchanga mtupu. Bahari ilikuwa imekwenda mbali kule, imeacha vidimbwi na majani. Tulitembea hadi majini na hayakufika magotini. Alisimama na boya lake akauliza, "Mama, bahari imekwenda wapi?" Tulikaa na jua la utosi saa mbili, watoto wakachoka, tukarudi. Maji yalipoanza kupanda sisi tulikuwa kwenye matatu. Na wiki ile yote nilikuwa nimewasomea wavuvi saa za maji kupwa na kujaa, siku tano mfululizo, bila kufikiria kwamba zinanihusu na mimi. Liliniuma sana.

Kanuni yenyewe ni nyepesi na haihitaji intaneti. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kukaribia mita nne. Hapa Mombasa, siku za bamvua maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata saa hizo huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa asubuhi mnamo saa nne au saa tano, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Wenye kalenda ya Kiislamu ukutani wana kazi rahisi zaidi. Tarehe moja na tarehe 15, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: kuogelea nenda alasiri. Tarehe nane na 22, au karibu nazo, ni maji mafu: nenda asubuhi, urudi mapema. Programu za simu zinazoonyesha saa kamili za maji zipo za bure, na mvuvi yeyote utakayemuuliza atakujibu bila kutazama simu.

Bamvua ya asubuhi nayo ina raha yake, mradi usiiendee kwa nia ya kuogelea. Maji yakipwa, vidimbwi vya mwambani vinabaki na kaa, samaki wadogo na viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota. Vaa raba, kwa sababu champali (ndala) huteleza na vile viumbe vyeusi vya miiba havina huruma na nyayo. Waambie watoto watazame bila kung'oa kitu. Na mgeuke kurudi kabla maji hayajaanza kupanda, maana hupanda kwa kasi na hupitia nyuma yenu, kwenye mifereji mliyoivuka mkiwa hamkuitambua.

Misimu nayo ina neno. Kaskazi, kuanzia kiasi cha Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu na jua kali. Kusi, kuanzia Aprili, huleta mawimbi, mvua ya masika na majani mengi ufukweni. Miezi ya kusi sisi hupunguza ufukwe na kuongeza mji.

Hatua ya tatu: kibubu

Kila harusi ninayoisherehesha Jumamosi, shilingi 500 inaingia kibubuni kabla sijafika jikoni. Mume wangu hutia chake akilipwa. Kibubu ni cha bati, kina tundu dogo, na watoto wanakiona. Wanajua kikiwa chepesi ni matembezi ya miguu, na hawanung'uniki kwa sababu hakuna aliyewaficha.

Kisha gawa Jumapili nne za mwezi. Kwetu moja ni ya ufukweni, moja ya bustani ya Mama Ngina, moja ya kumtembelea bibi yao Likoni, na moja ndiyo ya kulipa kiingilio. Ukizichanganya hivyo, ile ya kiingilio inabebwa na zile tatu.

Hii hapa hesabu ya siku moja ya Pirates, kama tulivyoitumia. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, mdogo akipakatwa, ilikuwa 400. Boya moja la kukodi, 100, watoto walipokezana. Choo na maji ya kujisafisha, 100. Mihogo na barafu, 150. Pesa ya dharura isiyoguswa, 200. Chakula tulichobeba kutoka nyumbani kilitugharimu kama 350. Jumla 1,300, na ile 200 ilirudi kibubuni. Bei za kwako zitatofautiana na zangu, hasa nauli, inayopanda mvua ikinyesha na mwezi wa Desemba wageni wa bara wakijaa. Muundo ndio uushike: kila kitu kina kifungu chake kabla hujatoka, na dharura haichanganywi na barafu.

Hatua ya nne: chagua pahali kulingana na maji, msimu na kibubu

Nikiulizwa pa kuanzia, nasema Mama Ngina. Hakuna kiingilio, upepo hauishi, na mibuyu mikubwa inawapa watoto kivuli. Bustani ilifanyiwa ukarabati mkubwa, na Mashujaa Dei ya mwaka 2019 ikasherehekewa pale. Panda matatu ya Feri, shuka mwisho, tembea polepole na ukingo wa bahari.

Kinachowafanya wanangu watake kurudi pale ni meli. Mkondo wa kuingilia bandari ya Kilindini unapita chini ya bustani, karibu mno, kiasi kwamba meli ya makontena ikipita unahisi jengo la ghorofa limeng'oka linatembea. Mbele kuna boti ya rubani, ubavuni tagi, ile boti ya kuvuta meli. Kifunguamimba wangu ana daftari. Anaandika jina la meli, rangi yake, na lile jina la bandari lililoandikwa nyuma kwenye shetri: Monrovia, Majuro, Panama. Nyumbani tunafungua ramani tukitafuta yako wapi. Ni mimi na baba yake tuliojifunza kwamba meli nyingi zimesajiliwa Liberia au Visiwa vya Marshall hata kama mwenyewe ni wa nchi nyingine, na tulijifunza kwa sababu mtoto aliuliza mbona Monrovia ina meli nyingi hivyo. Daftari hilo lilitugharimu shilingi 40.

Halafu kuna muhogo wa kuchoma. Simama karibu na jiko umtazame mchomaji. Muhogo ukishaiva anaupasua kwa kisu katikati bila kuumaliza, sehemu ya chini ibaki imeshikana. Anachukua kipande cha ndimu, anakichovya kwenye bakuli la pilipili ya unga na chumvi, anakisugua ndani ya ule mpasuo, anakichovya tena, anasugua mara ya pili, taratibu, mpaka ule weupe unageuka mwekundu. Anaufunga kwa karatasi. Ukiumega, moshi unatoka na harufu ya ndimu. Kwa watoto mwambie "bila pilipili, ndimu tele." Mihogo miwili mikubwa inatutosha watano, na dafu moja tunapokezana.

Kabla ya kurudi, vukeni na feri. Mtembea kwa miguu halipi kitu Kivuko cha Likoni. Mnakwenda ng'ambo, mnashuka, mnapanga foleni upya, mnarudi. Kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo ni safari ya baharini kamili. Epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini. Jumapili asubuhi hadi alasiri nafasi huwapo. Wakati wa kupanda na kushuka kila mtoto ashikwe mkono, na msiwaruhusu kukimbilia mbele mlango unapoteremka. Sisi tukivuka ile Jumapili ya bibi, hupitia ufukwe wa Shelly kama maji yameafiki, kwa tuktuk kutoka stendi ya Likoni.

Ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu huuita Pirates, nishautaja kwenye hesabu ya kibubu. Niongeze tu kwamba wanaokodisha maboya, ngamia na farasi hupatana bei. Patana kabla mtoto hajapanda, maana akishakaa juu ya ngamia huna tena nguvu ya kupatana. Ukisogea mbali na lango kuu kwa mwendo wa dakika kumi, watu hupungua na bahari ni ileile.

Fort Jesus, ile ngome kongwe, iweke kwenye Jumapili ya kulipa. Raia ana bei yake, mgeni ana yake, kwa hiyo beba kitambulisho. Malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, basi simu iwe na chaji na salio. Nenda asubuhi, kabla mawe hayajapata moto. Na msiwaburute watoto chumba kwa chumba. Mimi humpa kila mmoja swali moja akatafute jibu. Mkubwa: Wareno walianza kuijenga mwaka gani, na aliyechora ramani yake alikuwa wa nchi gani? (1593, na Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano.) Wa kati: Waomani waliizingira muda gani? Huyo alihesabu kwa vidole kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, akanijia na macho makubwa: "Mama, walikula nini?" Hapo unakaa naye kwenye kivuli mkazungumza njaa, maradhi, na ile meli ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, ambayo vitu vyake vilivyoopolewa vimo humo humo ndani. Mwambie pia kwamba Waingereza waliigeuza jela, na kwamba tangu 2011 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mdogo hupewa kazi ya kuhesabu mizinga.

Ukitoka, Mji wa Kale uko mlangoni na hauna kiingilio. Fuata Ndia Kuu, watoto watafute mlango wenye nakshi nyingi kuliko yote, mpite Msikiti wa Mandhry unaotajwa kuwa wa mwaka 1570. Ni mitaa ya watu wanaoishi, kwa hiyo vaeni kwa heshima, toeni salamu, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha mtu au mlango wake. Ukimkuta muuza kahawa na dele lake la shaba, kahawa ni yako na kashata ni ya watoto.

Haller Park, Bamburi, ni ya mara moja kwa muhula, kwa sababu ya kiingilio cha watu watano. Lakini nakusihi uipange, kwa kuwa sijaona pahali pengine Mombasa ambapo mtoto anaweza kuona kwa macho kitu kilichoharibiwa kikatengenezwa. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe. Tangu 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, alipanda mivinje, mti unaostahimili chumvi na ukame. Majani yake yakawa yanaanguka bila kuoza. Wakaletwa majongoo, wakayala, wakatoa udongo, na udongo ukabeba miti mingine. Waoneshe watoto jongoo kabla ya kuwaonesha twiga. Na wasimulie kiboko Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 akaletwa hapa, akaganda kwa kobe mzee kana kwamba ni mamake.

Ukitaka utulivu, nenda Jumba la Mtwana, mbele ya Mtwapa. Ni magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14: misikiti, nyumba na makaburi chini ya mibuyu, na msikiti mmoja uko kando ya bahari. Kiingilio kipo, watu ni wachache, na pa kutandika leso mkala hapakosekani.

Hatua ya tano: chakula kipikwe Jumamosi usiku

Nikirudi kutoka harusini sina nguvu ya kupika, kwa hiyo mume wangu huchemsha mayai na viazi, na mimi nasukuma chapati tu. Chapati haimwagiki, haiharibiki kwa joto la saa sita, na haihitaji sahani. Usibebe vyakula vya nazi wala vya nyama ya mchuzi siku ya jua. Katlesi na sambusa zikaangwe asubuhi. Maji: lita moja kwa kila mtu, chupa mbili zigandishwe usiku zipoze zilizobaki. Beba leso mbili, moja ya kukalia na moja ya kujifuta na kumfunika anayelala. Kitu kimoja tu kinunuliwe huko, na watoto wachague wenyewe: achari, mabuyu, viazi karai au barafu. Kuchagua kimoja kunawachukua nusu saa, na nusu saa hiyo wanaipenda kama kile kitu chenyewe.

Hatua ya sita: usafiri

Matatu kwa masafa, tuktuk kwa mwisho wa safari, miguu panapowezekana. Uliza nauli kabla ya kupanda na umwambie kondakta idadi yenu mapema. Ukirudi kutoka Bamburi, ondoka kabla ya saa kumi na mbili, maana saa hiyo ufukwe wote unamwagika barabarani na nauli inapanda palepale.

Hatua ya saba: usalama

Hapa sitaki mtu apitie juujuu. Kila mtu mzima awe na mtoto wake kwa jina, hata kama mmekaa pamoja: "mimi mdogo, wewe wa kati, mkubwa anatuona sote." Wakati wa kuingia majini mtu mzima anaingia nao, asibaki mchangani na simu. Nguo za kuogelea ziwe nyekundu au za manjano, kwa sababu buluu na kijani hupotea majini. Boya ni la kuchezea na wala haliokoi, upepo hulisukuma mbali kabla hujasimama.

Wa kati alitupotea dakika kumi na moja, katika umati wa sikukuu. Mimi najua dakika kumi na moja ni ndefu kiasi gani, ni nyimbo tatu. Aliyemshika mkono alikuwa muuza miwani, na alitupata kwa sababu mtoto alikuwa na nambari yetu ya simu iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mkononi, chini ya kiwiko. Tangu siku hiyo haturuki: nambari mkononi kabla ya kutoka nyumbani, na tukifika tunaonyeshana pahali pa kukutania, mnazi au kibanda fulani, kila mmoja akiugusa.

Hatua ya nane: simu na sauti

Mtangazaji hujulikana kwa sauti. Nikisema tu "shukisha hapo mbele" kwenye matatu, mtu anageuka. Wasikilizaji ni watu wangu na nawapenda, lakini wanangu walikuwa wakisimama pembeni Jumapili nzima wakingoja nimalize kusalimiwa. Tulikubaliana hivi: nasalimia, nauliza jina na mtaa, kisha nasema, "Leo niko na wanangu, kesho asubuhi nitakutaja hewani." Naliandika jina lake na namtaja kweli. Hakuna aliyewahi kuchukia. Simu ya kazi inabaki nyumbani, na ile moja tuliyo nayo ni ya dharura na malipo. Kama kazi yako ni ya kuitwa, mwambie mtu mmoja tu kazini saa utakayopatikana.

Hatua ya tisa: kurudi

Mchanga utikiswe stejini, kabla ya matatu, kwa leso kavu. Ukifuta mguu uliolowa mchanga unaganda, subiri ukauke utaanguka wenyewe. Nyumbani, ndoo mbili za maji mlangoni, mdogo kwanza. Wakila, mimi naandika kwenye kalenda ya ukutani tulikotoka, maji yalikuwaje, tulitumia ngapi. Kalenda ya mwaka mmoja hivi ni mwongozo bora kuliko huu wangu. Chenji kibubuni, nguo zangu za kesho kitini, alamu saa tisa na robo.

Kabla hawajalala huwa nawauliza kitu kimoja: kesho niseme nini? Jumatatu saa kumi na mbili na nusu, baada ya matangazo na kabla ya salamu, nakitaja kile walichonichagulia, bila majina yao. Hao wanaokunywa chai jikoni wanajua ni wao wanaoambiwa. Jumatatu iliyopita ilikuwa meli ya kijani, ya Monrovia.